Andrew Foster, kiziwi aliyewageuza wanafunzi wake kuwa walimu

PORT REITZ, huko Changamwe, bara ya magharibi ya kisiwa cha Mombasa, si mahali pa kimya. Ndege zinazotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi hupita chini juu ya mapaa, na malori ya makontena hunguruma mchana na usiku yakienda na kutoka bandarini. Katika mtaa huo mna hospitali inayojulikana kote Pwani, na mna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Ng'ambo ya mkono wa bahari, unaoitwa pia Port Reitz, upande wa Likoni, ipo shule ya vipofu. Kisiwani, katika mtaa wa Ziwani, ipo shule ya viziwi.

Asiyeijua kazi ya elimu maalumu huweza kudhani kwamba shule tatu zilizo karibu hivyo zaweza kuazimana walimu pindi mmoja anapostaafu au kuhamishwa. Haiwezekani. Mwalimu aliyezoea kusoma nukta za breli kwa macho hajui lugha ya ishara. Anayeijua lugha ya ishara hakufundishwa jinsi ya kumkalisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo hata mkono wake utulie na kushika kalamu. Kwa hiyo inaposemwa kwamba walimu wa elimu maalumu hawatoshi nchini, neno ni moja lakini ndani yake mna uhaba wa aina tatu au nne, na kila mmoja una dawa yake.

Alikuwapo mtu mmoja aliyeutazama uhaba wa aina moja, ule wa walimu wa viziwi, akaamua kwamba hataungoja uishe wenyewe. Mtu huyo ni Andrew Jackson Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi tangu utotoni, ambaye kati ya mwaka 1957 na 1987 alianzisha shule 31 za viziwi katika nchi zaidi ya kumi za Afrika. Wengi humwita baba wa elimu ya viziwi barani humu. Katika Pwani ya Kenya, hata hivyo, jina lake halisikiki sana. Ramani zina upendeleo wake: Port Reitz yenyewe imebaki na jina la Luteni John James Reitz, kijana wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza aliyewekwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824, akafariki kwa homa mwaka huo huo kabla hajatimiza hata nusu mwaka kazini. Foster aliifanya kazi yake kwa miaka 30.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, karibu na mji wa Birmingham katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Alabama ya siku hizo ilikuwa imegawanywa kwa rangi katika kila jambo: weusi walikuwa na viti vyao katika mabasi, shule zao, makanisa yao na hata makaburi yao. Mwaka 1936, Andrew akiwa na umri wa miaka 11, homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwao. Yeye na ndugu yake Edward waliugua kwa pamoja. Wote wawili walipona, na wote wawili waliinuka kitandani wakiwa hawasikii tena.

Umri huo una maana kubwa katika maisha yaliyofuata. Mtoto anayezaliwa kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia huweza kukua miaka mingi bila lugha yoyote. Huona midomo ikitikisika wala hajui kwamba mtikisiko huo una majina ndani yake. Foster hakuwa hivyo. Alipopoteza masikio alikuwa amekwisha kupata lugha, kusoma na kuandika. Alijua kilichomo upande wa pili wa ukuta, na baadaye alipokutana na watoto ambao hawakuwahi kuambiwa hata majina yao wenyewe, alijua hasa ni kitu gani walichonyimwa.

Ndugu hao wawili walipelekwa katika shule ya viziwi weusi huko Talladega. Ilikuwa shule ya kibaguzi kama nyingine zote za jimbo hilo, na masomo yake hayakuvuka ngazi ya msingi. Kijana mweusi aliye kiziwi hakutarajiwa kwenda mbali zaidi ya kazi ya mikono. Foster alijifunza lugha ya ishara huko, jambo ambalo lingekuja kumfaa kuliko cheti chochote, lakini kiu yake ya masomo haikukatika.

Mwaka 1942 alihamia jimbo la Michigan, kaskazini, kwa shangazi yake. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimepamba moto na viwanda vya Detroit vilihitaji mikono bila kuuliza sana kuhusu rangi wala masikio. Mchana alifanya kazi, usiku akasoma. Mwaka 1950 alipata stashahada ya biashara katika chuo kimoja cha Detroit, na mwaka uliofuata akapata cheti cha sekondari kwa masomo ya posta kutoka shule moja ya Chicago. Masomo ya posta hudharauliwa na wengi, lakini kwa kiziwi yalikuwa na heri yake: barua haihitaji masikio, na mwalimu aliye mbali hana nafasi ya kumpa mgongo mwanafunzi wake akielekea ubaoni.

Wakati huo kulikuwa na chuo kimoja tu cha elimu ya juu cha viziwi duniani, Gallaudet, mjini Washington, kilichofunguliwa mwaka 1864. Foster aliomba nafasi mara kadhaa, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Hakuacha kuomba. Mwaka 1951 alikubaliwa kwa ufadhili, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza anayetambulika kuhitimu shahada katika chuo hicho. Alisomea elimu. Hakutua hapo: mwaka 1955 alipata shahada ya uzamili katika chuo cha ualimu huko Michigan, na mwaka 1956 akapata shahada nyingine, ya kazi ya umisionari, huko Seattle.

Fikira ya kwenda ng'ambo ilikuwa imemwingia miaka mingi kabla, kanisani huko Detroit, alipofuatilia maelezo ya mmisionari aliyefanya kazi Jamaica. Akiwa Gallaudet alianza kuulizia hali ya viziwi wa Afrika, akagundua kwamba shule zao katika bara zima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Katika nchi nyingi hapakuwa na hata moja. Mwaka 1956 aliunda shirika la kimisionari kwa ajili ya viziwi wa Afrika, akaanza kuzunguka Marekani akiomba michango kwa watu ambao wengi wao walikuwa viziwi wenye kipato kidogo.

Ili kuelewa ugumu wa kazi aliyojitwika, yafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1880. Mwaka huo walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, walikutana Milano, Italia, wakaazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na ishara ziondolewe darasani. Azimio hilo lilitapakaa Ulaya na Marekani. Huzungumzwa sana kama azimio dhidi ya lugha, lakini lilikuwa pia azimio dhidi ya walimu. Kabla yake, walimu wengi wa viziwi walikuwa viziwi wenyewe. Baada yake waliondolewa kidogo kidogo, kwa kuwa kiziwi hawezi kumfundisha mwenzake kutamka. Uhaba wa walimu wa viziwi ambao dunia imelalamika juu yake tangu hapo, kwa sehemu kubwa, ulitengenezwa na walimu wenyewe katika ukumbi mmoja, kwa kura.

Wakoloni walipofungua shule chache za viziwi barani Afrika walikuja na msimamo huo. Mwalimu alipaswa awe anayesikia, afunzwe kwa muda mrefu, mara nyingi Ulaya, na arudi kufundisha kikundi kidogo cha watoto kutamka sauti wasizozisikia. Kwa mpango huo, nchi yenye maelfu ya watoto viziwi ingehitaji vizazi kadhaa kupata walimu wa kutosha.

Foster alifika Afrika Magharibi mwaka 1957, akapitia Liberia na kisha Accra, mji mkuu wa Ghana iliyokuwa imepata uhuru tarehe 6 Machi mwaka huo huo. Husimuliwa kwamba katika miji kadhaa aliyoizuru, wakubwa aliowauliza walimwambia kwamba kwao hakuna viziwi. Huenda hawakusema uongo kwa kukusudia. Mtoto kiziwi alifichwa nyumbani, au alipelekwa shamba kuchunga mbuzi, au alikaa sokoni na mama yake akidhaniwa kuwa punguani. Foster aliwatafuta huko huko. Kiziwi humtambua kiziwi mwenzake kwa mbali, kwa namna anavyotazama watu.

Accra hakuwa na jengo. Aliazima vyumba vya shule ya kawaida katika mtaa wa Osu, akawa anafundisha baada ya wanafunzi wenye kusikia kwenda nyumbani. Walikuja watoto, na walikuja pia watu wazima waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasa. Habari zilienea, na katika muda mfupi orodha ya waliongoja nafasi ilipita majina 300. Mwaka 1959 shule ilihamia Mampong-Akuapem, milimani kaskazini mwa Accra, ikawa ya bweni.

Majina 300 na mwalimu mmoja: hapo ndipo Foster alipofanya uamuzi unaoyafanya maisha yake yastahili kusomwa leo. Angeweza kufunga mlango na kufundisha vizuri watoto ishirini. Angeweza kuiandikia serikali changa ya Ghana barua za kuomba walimu, akae kungoja. Badala yake aliwachukua wanafunzi wake wakubwa, wale walioelewa haraka, akaanza kuwafundisha kufundisha. Walichojifunza leo walikirudia kesho mbele ya wadogo, naye akiwa kando akiwasahihisha.

Kwa mwalimu wa kawaida jambo hilo laweza kuonekana la ovyo. Lakini tazama yanayotokea katika darasa la kwanza la viziwi. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaingia akiwa hana neno hata moja. Somo la kwanza si herufi wala hesabu. Ni kuelewa kwamba vitu vina majina. Mwalimu anamwonyesha kikombe, anafanya ishara ya kikombe, anaandika neno ubaoni, analitaja tena kwa herufi za vidole. Anarudia siku ya pili, ya tatu, ya ishirini. Asubuhi moja mtoto anaelewa, na tangu hapo anakimbia huku na huko akigusa meza, mlango, kiatu, akidai ishara ya kila kitu. Mwalimu mwenye shahada lakini asiyeijua lugha hiyo hawezi kumfikisha mtoto hapo. Kijana kiziwi mwenye miaka minne ya shule, ambaye mwenyewe alipita njia hiyo juzi tu, anaweza.

Tena kuna mambo madogo ambayo mwalimu anayesikia hufundishwa kwa taabu na kiziwi huyajua bila kufundishwa. Usieleze huku umeelekea ubao. Usisimame na dirisha lenye jua nyuma yako, maana mikono yako inakuwa kivuli. Panga viti nusu duara, ili kila mtoto amwone kila mwenzake. Usianze kabla macho yote hayajafika.

Mwaka 1960 Foster alisonga mbele hadi Nigeria, akafungua shule Ibadan, kisha Enugu na Kaduna. Mwaka uliofuata alimwoa Berta Zuther, Mjerumani aliye kiziwi kama yeye, ambaye walikutana mwaka 1959 katika kongamano la dunia la viziwi huko Wiesbaden. Walijaliwa watoto watano. Berta hakuwa mke wa kungoja nyumbani tu. Alifundisha, na baadaye familia iliporudi kuishi Michigan, yeye ndiye aliyeshika mzigo wa malezi huku mumewe akiwa Afrika sehemu kubwa ya kila mwaka. Wanaowasifu watu wa namna ya Foster aghalabu huipita haraka sehemu hiyo ya hesabu.

Ghana yenyewe haikubaki nyuma. Mwaka 1965 mafunzo ya walimu wa viziwi yalianzishwa na serikali huko huko Mampong, karibu na shule aliyoiasisi. Yaani shule ilitangulia, chuo cha walimu kikafuata, kinyume cha utaratibu unaopendwa na wizara nyingi. Watoto walikuwa wamekwisha kukusanyika, na haja ya walimu ikawa haiwezi kukanwa tena.

Njia aliyoitumia baadaye iliendelea vivyo hivyo, nchi kwa nchi. Alifika katika mji, akawatafuta viziwi, akaomba chumba, mara nyingi kwa kanisa. Alichagua kijana mmoja au wawili wa hapo, viziwi au wenye kusikia, akawaalika katika mafunzo aliyoyaendesha Ibadan wakati wa likizo kuu. Huko walikutana watu wa nchi mbalimbali, wakajifunza kwa wiki kadhaa lugha ya ishara, mbinu za kufundisha na uendeshaji wa shule, kisha wakarudi kwao kuanza au kuendeleza darasa. Mwaka uliofuata waliweza kurudi tena kuongeza ujuzi. Alipoona kwamba Kiingereza kinamfungia nje nusu ya bara, alijifunza Kifaransa akiwa mtu mzima, kwa maandishi, bila kukisikia hata mara moja. Katika miaka ya 1970 na 1980 shule zilifunguka Ivory Coast, Togo, Chad, Senegal, Benin, Kamerun, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Gabon. Alifika pia Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Burundi.

Chuo cha Gallaudet kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1970. Miongoni mwa wanafunzi wake wapo waliofuata nyayo zake hadi chuo hicho, wakarudi Afrika kuwa walimu na wakuu wa shule.

Kazi hiyo haikukosa kasoro, na wataalamu wa lugha wamezisema wazi. Foster alikuja na lugha ya ishara ya Marekani, akaifanya lugha ya shule zake zote. Lakini Afrika haikuwa tupu. Karibu na Mampong kwenyewe kiko kijiji cha Adamorobe, ambako uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi kwa vizazi na vizazi, hata wanakijiji, wenye kusikia na wasiosikia, wakawa na lugha yao kamili ya ishara. Watoto wa kijiji hicho waliopelekwa shuleni walijifunza ishara za Marekani, na lugha ya wazee wao ikaanza kudhoofika. Hali kama hiyo imeelezwa kwingine pia. Mwalimu aliyefunzwa wiki sita alichukua alichopewa, akakipeleka kilivyo. Hakuwa na muda wa kuuliza ishara zilizokuwapo kabla yake.

Kasoro ya pili ni ya kiwango. Walimu wengi wa Foster waliingia darasani na elimu ndogo, wakalipwa kidogo kutokana na michango ya wahisani, na baadhi ya shule zilitegemea mno mtu mmoja. Pia yeye alikuwa mmisionari. Alichofungua kilikuwa shule na kanisa kwa pamoja, jambo ambalo si kila jamii ya Kiafrika ingelipokea. Mizani ya haki yapaswa kuyapima hayo yote. Upande wa pili wa mizani hiyo, hata hivyo, hakukuwa na walimu waliofuzu vizuri waliozuiwa kuingia. Hakukuwa na mtu.

Afrika Mashariki ilishika njia nyingine. Nchini Kenya shule za kwanza za viziwi zilianza mwaka 1961 Mumias na Nyang'oma, chini ya Kanisa Katoliki. Tabora, nchini Tanzania, shule ilifunguliwa mwaka 1963. Huku kote ulifuatwa msimamo wa kusema na kusoma midomo, na mwalimu alitarajiwa awe anayesikia. Watoto waliongea kwa ishara bwenini usiku, na mchana wakakatazwa. Kiziwi aliyemaliza shule alifundishwa ushonaji au useremala. Ualimu ulikuwa mlango uliofungwa kwake, kwani alichotakiwa kufundisha ni sauti.

Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilianzisha Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, huko Kasarani, Nairobi, kwa msaada wa Denmark, ili walimu wafunzwe hapa hapa nchini. Mwaka huo huo ishara zilianza kujaribiwa rasmi darasani huko Machakos. Katiba ya mwaka 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, ikaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Viziwi waliokatazwa ishara wakiwa watoto waliweza kuwaona wakalimani wakizitumia katika taarifa za habari.

Foster hakuyaona hayo. Tarehe 3 Desemba 1987 alikuwa katika ndege ndogo iliyoanguka karibu na Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda, mji unaotazamana na Goma kwenye ufuo wa Ziwa Kivu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 62, katika safari ya kazi ile ile iliyomleta Accra miaka 30 kabla. Shirika lake halikufa naye, na mafunzo ya walimu yaliendelezwa na watu aliowafunza. Mwaka 2004 Gallaudet, chuo kilichomkataa mara kadhaa kwa ajili ya rangi yake, kiliupa ukumbi wake mmoja jina lake.

Nchini Kenya, elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, wazazi wengi waliwatoa nyumbani watoto wenye ulemavu waliokuwa wamefichwa. Ilitokea kama Accra ya mwaka 1957: orodha ilirefuka kuliko walimu. Sera zilifuata, ile ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 na ile ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018. Mamia ya walimu walijiendeleza kupitia KISE, wengi kwa masomo ya likizo na kwa fedha zao wenyewe. Lakini lalamiko moja limerudi mwaka hadi mwaka, kwamba mwalimu hupata stashahada ya elimu maalumu akabaki katika shule ya kawaida alikokuwa, kwa sababu huko nako wanafunzi ni wengi na mkuu wake hataki kumwachilia. Wengine hupelekwa penye ulemavu wasiousomea. Anayejua ishara anajikuta mbele ya darasa la breli.

Kuhusu viziwi wenyewe kuwa walimu, Kenya imefungua mlango, nao wamo katika shule kadhaa. Kikwazo kiko mbele ya mlango: kwa miaka mingi watoto viziwi walikalia mtihani wa Kiingereza na Kiswahili ulioandikwa kwa ajili ya wanaosikia, na wachache walipata alama zinazotakiwa na vyuo vya ualimu. Darasa likikosa mwalimu anayeijua lugha yao, watoto hufeli. Wakifeli, hawawi walimu. Na darasa linalofuata linakosa tena. Foster aliukata mviringo huo kwa kuanzia mwisho wake. Hakumwuliza kijana wa Osu alipata alama ngapi. Alimweka mbele ya watoto sita, akakaa kando, akatazama kama watamwelewa.